Familia za Wanajeshi na Wauguzi Wastaafu Uingereza: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaotuuliza maswali haya wengi wao ni ndugu zetu Waswahili wanaoishi Uingereza. Yupo mke wa askari aliyetoka Nakuru kuja kujiunga na jeshi la Uingereza. Yupo mama aliyefanya kazi ya unesi miaka thelathini, sasa amestaafu na anakaa peke yake ghorofa ya tatu, magoti yamechoka na jengo halina lifti. Yupo na kijana wa Morogoro anayetaka kujua kama babu yake aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni) anastahili chochote. Mimi nilikuwa nesi wa wodini mpaka nilipostaafu, na tangu hapo nafanya kazi ya kujitolea hospitalini: nasukuma kigari cha chai, nakaa na familia za wagonjwa, nasaidia watu kujaza fomu. Sisemi kwa niaba ya shirika lolote la hisani nitakalolitaja. Nasema ninachokijua, kwa sababu nimewaona watu wengi mno wakiupata msaada mwaka mzima baada ya kuuhitaji.

Mnaposema mashirika ya hisani, ni yapi hasa?

Kwa upande wa jeshi, mlango mkubwa ni SSAFA, linalowahudumia askari wa nchi kavu, wa majini na wa angani pamoja na familia zao. Kuna DMWS, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1943, wakati wa vita. Maofisa wake wa ustawi hukaa na askari aliyelazwa na jamaa zake, humohumo hospitalini. Kuna Fisher House, nyumba ya kulala jamaa wa wagonjwa, iliyopo Birmingham. Kwa upande wa wauguzi, Cavell huwasaidia manesi, wakunga na wasaidizi wa wodini, wawe kazini au wamestaafu, na Queen's Nursing Institute huwaangalia zaidi wale waliouguza watu majumbani mwao. Yapo na mengine madogomadogo, la kikosi fulani au la hospitali fulani. Msiyadharau hayo, kwani mara nyingine ndiyo yenye mkono mwepesi.

Familia za askari na manesi wastaafu wanahusiana nini?

Wanahusiana tangu zamani. Mwaka 1885 Meja James Gildea aliandika barua katika gazeti la The Times, wakati wanajeshi wa Uingereza wanasafirishwa kwenda kupigana Misri na Sudani. Alikuwa anaomba fedha na watu wa kujitolea wakawaangalie wake na watoto waliobaki nyuma, maana siku zile askari akipanda meli, aliyeachwa hakuwa na wa kumuuliza kama amekula. Hapo ndipo ilipoanzia SSAFA. Haikupita miaka mingi chama hicho kikawa kinaajiri wauguzi wa kuzitembelea familia hizo. Kwa hiyo mke wa askari na nesi wamekuwa chini ya paa moja karibu tangu mwanzo. Mwaka 1902 jeshi likaunda kikosi chake cha wauguzi kwa jina la Malkia Alexandra, na ni mwaka huohuo King's African Rifles ilipoundwa kwetu.

Watu wa Mombasa wana sababu yao wenyewe ya kuukumbuka undugu huo. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini ikielekea Colombo. Ndani yake walikuwamo karibu askari elfu moja wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wa jeshi zaidi ya hamsini. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga. Haikuchukua hata dakika tatu kuzama. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita. Sikufundishwa habari hii shuleni. Niliisoma ukubwani, nikiwa nimeshavaa sare ya unesi miaka mingi, nikakiweka kitabu chini nikatoka nje. Vijana wa bara na pwani yetu na manesi waliokwenda kuwauguza wamelala bahari moja. Basi mtu akiniuliza familia ya askari na nesi mstaafu wanahusiana nini, kwangu mimi jibu linaanzia hapo.

Mume wangu amelazwa mbali na nyumbani. Nitalala wapi?

Uliza kabla hujafunga mkoba. Muulize ofisa ustawi wa kikosi chake, au sista wa zamu wodini, na utamke wazi: "Mgonjwa ni mwanajeshi, nami natoka mbali."

Askari waliojeruhiwa vibaya huletwa Queen Elizabeth Hospital ya Birmingham, iliyofunguliwa mwaka 2010, ambako ndiko makao ya kituo cha tiba cha jeshi. Tangu 2013 kuna Fisher House kwenye viwanja vya hospitali hiyo. Ina vyumba 18, kila kimoja na bafu lake, na familia ya askari hailipi. Wazo lilitoka Marekani: Zachary Fisher, mjenzi wa majumba wa New York, pamoja na mkewe Elizabeth, walianza mwaka 1990 kujenga nyumba kando ya hospitali za jeshi ili jamaa wa mgonjwa wasilale kwenye magari. Kwa wale ambao wagonjwa wao wako Stanford Hall, karibu na Loughborough, wanakofundishwa upya kutembea na kutumia viungo, SSAFA ina nyumba yake iitwayo Norton House.

Nataka kusema neno juu ya jiko. Nyumba za namna hii zina jiko la pamoja, na wengi wetu tukiambiwa hivyo tunakunja uso, tukiwaza masufuria ya watu na harufu za watu. Lakini jiko ndiyo dawa yenyewe. Usiku wa manane, mwenye mume aliyekatwa mguu anamkuta mwenye mwana aliyepoteza macho, maji yanachemka, wanaanza kuzungumza. Hakuna daktari anayeweza kuandika hiyo kwenye karatasi.

Nimewahi kumkuta dada mmoja kutoka kwetu amelala usiku wa tatu kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mumewe. Hospitali hiyo siitaji. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitanda kinamngoja mwendo wa dakika chache, naye hakuuliza, akidhani kuuliza ni kusumbua. Miguu ilikuwa imemvimba kama ya mja mzito. Tangu siku ile, nikikabidhiwa kigari cha chai, swali langu la kwanza kwa kila anayekaa kitandani kwa mgonjwa huwa ni: umelala wapi jana?

Nyumbani tuna Lugalo, na Nairobi kuna Forces Memorial. Hapa hospitali ya jeshi iko wapi?

Ya namna ile hakuna tena. Zilikuwapo nyingi, lakini baada ya vita baridi kwisha serikali ilipunguza matumizi ya jeshi, na hospitali zikafungwa moja baada ya nyingine. Cambridge Military Hospital ya Aldershot, mji wa askari kabisa, ilifungwa mwaka 1996. Ya mwisho ilikuwa Haslar, pale Gosport: jeshi liliikabidhi mwaka 2007, na mwaka 2009 ikafungwa. Siku hizi madaktari na wauguzi wa jeshi hufanya kazi ndani ya hospitali za kawaida za NHS, huduma ya afya ya taifa.

Kitiba, watakuambia ni bora, na pengine ni kweli, kwani daktari wa jeshi anaona wagonjwa wengi zaidi na mkono wake haupati kutu. Ila kuna kilichopotea. Zamani mke wa askari aliingia wodi ambayo kila mtu anajua maana ya kuhamishwa kila baada ya miaka miwili, anajua simu ya usiku ina maana gani. Sasa anaingia wodi ya watu wote, ambako kitanda cha jirani ni cha mzee aliyeteguka nyonga, na nesi hajui kama huyu mgonjwa aliwahi kushika bunduki. Pengo hilo ndilo watu wa DMWS na SSAFA wanajaribu kuliziba.

Je, ni lazima niwaambie hospitali kwamba mume wangu ni mwanajeshi au alikuwa mwanajeshi?

Si lazima. Waambieni hata hivyo, na mapema. Mwambieni pia daktari wenu wa mtaa aliandike kwenye faili.

Kuna ahadi ya taifa kwa wanajeshi, wanaiita Armed Forces Covenant, na tangu Novemba 2022 sheria inazitaka taasisi za NHS, za nyumba na za elimu ziizingatie zinapopanga huduma zao. Hospitali nyingi zimepewa alama ya Veteran Aware, maana yake wafanyakazi wake wamefundishwa kuwatambua askari wa zamani na kuwaelekeza kwa wanaoweza kuwasaidia. Lakini tusidanganyane: ahadi hiyo haikurukishi foleni. Kipaumbele ni kwa ugonjwa au jeraha lililotokana na utumishi, na hata hapo mwenye hali mbaya zaidi atatangulia. Kama nesi wa zamani naona hiyo ni haki.

Kwa maradhi ya nafsi na akili, yale ya kuota vita kila usiku, kushtuka mlango ukigongwa, kunywa ili kulala, NHS ya England ina huduma maalumu kwa askari wa zamani, jina lake Op COURAGE. Mgonjwa anaweza kujipeleka mwenyewe, na familia yaweza kumwombea.

Mume wangu alitumikia muda mfupi tu. Tunahesabiwa?

Kwa SSAFA, siku moja ya utumishi uliolipwa inatosha, awe alikuwa askari wa kudumu au wa akiba. Wajane na wategemezi wanahesabiwa pia.

Visa yangu imeandikwa kwamba siruhusiwi kutumia fedha za umma. Nikiomba msaada wa hisani si nitaharibu mambo yangu?

Hapana. Swali hili linawatia watu hofu kuliko yote, kwa hiyo nalijibu polepole. "Fedha za umma" katika sheria za uhamiaji ni orodha maalumu: posho na ruzuku fulani za serikali, na nyumba za halmashauri. Fedha za shirika la hisani hazimo katika orodha hiyo, kwa sababu hazitoki serikalini. Zimetoka mifukoni mwa watu. Ukilipiwa nauli ya kwenda hospitali, ukanunuliwa friji au ukalazwa Fisher House, hujavunja sharti la visa yako.

Kinachotaka uangalifu ni msaada wa serikali wenyewe. Kabla hujajaza fomu yoyote ya posho, muulize mshauri wa uhamiaji anayetambulika kisheria. Usimuulize jirani, hata kama jirani amekaa hapa miaka ishirini. Na kama mume ndiye anayetoka jeshini na bado hana ukaazi wa kudumu, ajue kwamba tangu 2022 askari wa kigeni aliyetumikia angalau miaka sita anasamehewa ada ya kuomba ukaazi. Kwa wake na watoto, msihesabu msamaha huo kabla ya kuuliza, maana mwanzoni haukuwagusa.

Mimi sikuwa jeshini. Ni nesi mstaafu tu. Kuna wa kunisikiliza?

Ondoa hilo neno "tu", mama.

Edith Cavell alikuwa matroni wa Kiingereza mjini Brussels Wajerumani walipoiteka Ubelgiji. Aliwauguza majeruhi wa pande zote mbili, na kwa siri akawasaidia askari wapatao 200 kutoroka. Wajerumani walimpiga risasi tarehe 12 Oktoba 1915. Shirika linaloitwa Cavell leo lilianzishwa mwaka 1917, vita bado vinaendelea, kuwasaidia wauguzi waliochakazwa na kazi ile. Karne nzima baadaye bado wanafanya hivyohivyo: nesi ambaye mgongo umemshinda, aliyefiwa, aliyemkimbia mume mkali, ambaye boila imekufa katikati ya Januari. Maombi ya kawaida kabisa, ya maisha.

Wale waliokuwa wauguzi wa wilaya, waliopanda baiskeli kisha vigari vidogo wakienda kufunga vidonda majumbani, wana historia yao nzuri zaidi. Mwaka 1926 Elsie Wagg, mjumbe wa baraza la taasisi yao, alisema: nchi hii imejaa bustani nzuri zilizofungwa, kwa nini zisifunguliwe watu waingie kwa kiingilio kidogo? Mwaka uliofuata bustani 609 zilifungua milango, shilingi moja kwa kichwa, na zikapatikana zaidi ya pauni 8,000. Fedha hizo zilikwenda kwa wauguzi, wakiwamo waliokwisha staafu. Kumbukeni NHS yenyewe haikuzaliwa mpaka Julai 1948. Bustani zinafunguliwa mpaka leo, na Queen's Nursing Institute bado ni miongoni mwa wanaonufaika. Taasisi hiyo pia ina mpango wa simu: mtu wa kujitolea humpigia nesi mstaafu aliye mpweke, wakazungumza. Wapo wanaoona hilo ni jambo dogo. Mimi namjua mama mmoja ambaye siku ya simu yake huvaa hereni.

Wapo na RCN Foundation, mfuko mwingine wa hisani wa wauguzi, tangu 2010. Usiogope kuwaandikia wawili kwa wakati mmoja, ila mwambie kila mmoja kwamba mwenzake anajua.

Nikiomba, inakuwaje? Wanakuja kunichunguza?

Neno kuchunguza ni kali mno. Ukipiga SSAFA, simu ya bure ni 0800 260 6767, utapangiwa mtu wa kujitolea, mara nyingi naye askari wa zamani au mke wa askari. Atakutembelea au mtazungumza kwa simu. Atataka kuona uthibitisho wa utumishi, na kama karatasi zimepotea watakusaidia kuutafuta. Atauliza kinachoingia na kinachotoka kila mwezi: mshahara, pensheni, kodi ya nyumba, umeme, madeni. Sema ukweli, hata ile fedha unayotuma nyumbani kila mwisho wa mwezi. Watu wetu wengi huificha, kisha hesabu haikai, na aliyekuja kukusaidia anabaki anajiuliza fedha inakwenda wapi. Ukisema "ninamlipia mdogo wangu ada ya shule" hakuna atakayekucheka.

Baada ya hapo kazi ya kutafuta fedha ni yake, si yako. SSAFA huandikia mifuko mingine kwa niaba yako: mfuko wa kikosi, Army Benevolent Fund kwa wa nchi kavu, RAF Benevolent Fund kwa wanaanga, ambao upo tangu 1919. Huyu atoe mia mbili, yule mia tatu, mpaka kiti cha magurudumu kinunuliwe. Ndiyo maana jibu linaweza kuchelewa. Mara nyingi hupewi fedha taslimu mkononi. Analipwa mwenye duka au fundi. Usione wamekushuku. Hivyo ndivyo wanavyoweza kumwonyesha aliyechanga kwamba pauni yake ilikuwa ngazi ya bafuni kwa mzee fulani.

Kwa manesi utaratibu ni mwepesi kidogo: andaa namba yako ya usajili wa unesi kama unayo bado, taarifa za benki, na maelezo yako kwa maneno yako mwenyewe. Barua bora nilizoziona ni fupi. Nilifanya kazi hapa na hapa, sasa nimefika hapa, nahitaji kitu hiki.

Naona aibu kuomba.

Najua. Sisi tumelelewa na sitara. Mtu akiulizwa habari za nyumbani husema nzuri hata kama sufuria imegeuzwa chini. Na manesi ni wabaya zaidi, kwa sababu maisha yetu yote sisi ndio tuliokuwa tunawauliza wengine wanaumwa wapi. Kukaa upande wa pili wa kitanda kunatuumiza. Wake wa askari nao wamefundishwa kutolalamika, wasije wakamharibia mume jina kikosini.

Lakini angalia fedha hizi zimetoka wapi. Askari wengi wa Uingereza hukatwa kidogo kila mwezi kwa hiari yao, mshahara wa siku moja kwa mwaka, ili wenzao wakianguka wapate pa kushika. Wauguzi wameuza keki kwenye korido, wamekimbia mbio ndefu, wamechangishana sarafu. Pengine hata wewe ulinunua keki hizo. Ukiomba, unarudi kwenye sanduku ambalo na wewe ulitia. Wazee wetu walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimekiona kifo kikiumbua: mwenzangu wa zamani, nesi hodari kuliko mimi, alikutwa nyumbani kwake baridi imempiga, hita imezimwa ili kubana matumizi. Kwenye droo kulikuwa na fomu imejazwa vizuri kabisa, kwa mwandiko wake ule wa kuandikia chati, haijatiwa stempu.

Ukishindwa kupiga mwenyewe, mwambie binti, mwambie mtu wa kanisani au msikitini, apige ukiwa umekaa pembeni yake.

Kiingereza cha mama yangu ni kidogo. Naweza kumtafsiria mimi kwa daktari?

Kwa salamu na chai, ndiyo. Kwa habari za ugonjwa, ombeni mkalimani; hospitali za NHS hutoa bila malipo, na wa Kiswahili wanapatikana, walau kwa simu. Mtoto akimtafsiria mama habari za saratani hupunguza makali bila kutaka, na mama huficha mengine kwa sababu anayesikia ni mwanawe.

Nikistaafu nikarudi Kenya au Tanzania, nitapoteza haki zangu?

Pensheni ya kazi ya NHS itakufuata, na huongezwa kila mwaka popote ulipo. Pensheni ya serikali pia italipwa nje, lakini kwa Kenya na Tanzania inagandishwa: kiasi utakachoanza nacho, au ulichokuwa unapata siku unahama, ndicho hichohicho miaka yote, wakati mwenzako aliyebaki Leeds anaongezewa kila Aprili. Piga hesabu hiyo kabla hujauza nyumba. Hakikisha pia una walau miaka kumi ya michango, kwani chini ya hapo pensheni mpya ya serikali hupati kabisa.

Kuhusu mashirika ya hisani, kila moja lina masharti yake juu ya makazi. Kama una shida inayojulikana, macho au nyonga, ishughulikie kabla ya safari.

Babu yangu alikuwa King's African Rifles. Kuna chochote kwa ajili yake?

Kipo, na wakati unakwenda mbio. Kijana aliyekuwa na miaka 18 Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 sasa amefika 80, na wale waliopigana Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 ni wa kuhesabika. Kuna umoja ulioanzishwa Cape Town mwaka 1921, Royal Commonwealth Ex-Services League, kwa ajili ya waliotumikia majeshi ya Uingereza na wanaishi katika nchi zao za Jumuiya ya Madola. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 ili wazee kama hao na wajane wao, wapatao 7,000, wapate walau milo miwili kwa siku. Milo miwili. Nilipoisoma nilifurahi na nikauma midomo kwa wakati mmoja, maana iweje mzee aliyebebeshwa mzinga wa mfalme ahesabiwe milo?

Maombi hayapiti London. Yanapitia vyama vya askari wa zamani vya huko nyumbani: Kenya ni DEFOCA, Tanzania ni Tanzania Legion and Clubs. Tafuteni kipande chochote, cheti cha kuachiwa, medali, hata namba ya askari iliyochorwa kwenye sanduku la bati. Kama babu ameshafariki na bibi yupo, bibi naye ana haki ya kuomba.

Kuna mtu anataka nimlipe ili anijazie fomu.

Usimlipe. Hakuna shirika la kweli kati ya haya linalotoza ada ya kuomba.

Nataka kujitolea. Nianzie wapi?

Kila hospitali kubwa ina ofisi ya watu wa kujitolea. Nyingi zina pia kikundi cha marafiki wa hospitali kinachoendesha duka dogo au kigari, na faida hurudi wodini. Wataangalia rekodi yako ya polisi, watataka wadhamini wawili, watakufundisha kunawa mikono hata kama uliifundisha wewe miaka thelathini. Vumilia. SSAFA nao hufundisha watu wao kabla ya kuwatuma kwa familia, na si lazima uwe umewahi kuwa askari.

Anayejua Kiswahili tunamhitaji sana, hasa zamu za jioni, saa ambazo ofisi zimefungwa na jamaa wa mgonjwa wamebaki peke yao na mashine zinazolia. Njoo na viatu visivyo na kisigino. Chai ya kwetu, ya maziwa na tangawizi, hairuhusiwi kupikwa wodini, lakini kwenye lile jiko la Fisher House hakuna anayekukataza, na sufuria kubwa ipo kabati la chini.